Mlozi Uliovishwa Shuka

Jirani yangu Bi Kerana hajawahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Hakumwinamia mama mkwe wake, hakumwinamia mwenyekiti wa ushirika enzi zile ushirika ulipokuwa na meno, na padri wetu yeye humpungia mkono tu kama mpita njia. Lakini mwaka jana, mwezi mzima wa Machi, alipita barabarani macho ameyagandisha kwenye viatu vyake, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka kwenye nyusi. Ukimsalimia, anaijibu ardhi. Wasiomjua walidhani amefiwa. Sisi tunaomjua tulikuwa tunajiuma midomo tusicheke, maana Bi Kerana alikuwa anakwepa kuona maua.

Bi Kerana, jamani! Mtu ambaye tangu nimeolewa kijiji hiki cha Izvorche namwona kila mwisho wa majira ya baridi yuko bustanini, amepiga magoti kwenye tope la theluji, anatafuta ua la kwanza. Bustani yake iko katikati. Huku ni kwangu, kule ni kwa Mzee Grozdan, na kati yake na Grozdan kuna uzio wa mbao na ugomvi wa siku nyingi. Ugomvi wenyewe ni huu: nani atapata kokiche wa kwanza. Kokiche ni yale maua meupe madogo yanayotoboa theluji na kuinamisha kichwa kama mtoto aliyegombezwa. Anayeshindwa hutoa chupa ya rakia, pombe yetu kali ya plamu, kisha husimama kwenye uzio na kusema kwa sauti, majirani wasikie: "Bustani yako ni bora kuliko yangu." Kutoa chupa si kitu, wote wawili wanatengeneza rakia ya kuogea. Kulitamka lile neno ndiyo sumu. Bi Kerana hajawahi kulitamka hata mara moja. Grozdan analijua kwa moyo kama sala.

"Kerana! Kumekucha huko?" Grozdan hupiga kelele kila asubuhi.

"Kumekucha, ila si kwa wavivu."

"Umeona chochote?"

"Nimemwona paka wako anakojolea kitunguu saumu changu. Hicho nacho kinachanua?"

Hivyo ndivyo tunavyoamka mtaani kwetu, hatuhitaji jogoo.

Basi mwaka jana mwishoni mwa Januari theluji ilianza kuyeyuka mchana, na usiku maji yakaganda tena. Bi Kerana akatoka asubuhi kwenda kuchungulia chini ya mwaridi ulio karibu na kisima, pale ambapo kokiche wake huanzia. Akateleza, kifundo cha mguu kikavunjika. Mimi nilisikia sauti za watu nikatoka mbio na kandambili za ndani, na nilichokikuta sitakisahau. Mama wa watu amelala ubavu kwenye barafu, mguu umegeukia upande usio wake, shavu limegusa ardhi. Grozdan yuko karibu naye, amepiga magoti. Nikadhani anamwombea.

"Hiyo ni ncha, Kerana," Grozdan alikuwa anasema. "Ncha si ua."

"Limefunguka. Tia miwani."

"Limefumba kama ngumi! Ua lazima lifunguke, tulikubaliana tangu mumeo Valko yuko hai."

"Wewe sema neno lako kwanza, ndipo uniinue."

"Nyie wendawazimu!" nikawapigia kelele. "Mtu anaganda hapa mnabishania jani!"

Tulimbeba kwa blanketi mpaka ndani. Grozdan aliniambia alikuwa analisha kuku wake, akasikia ukelele, akaja. Nikamshukuru Mungu kwa masikio ya yule mzee, na siku hiyo hiyo nikampigia simu Zdravka, binti pekee wa Bi Kerana, anayekaa mjini Stara Zagora. Nilimweleza kama nilivyoelezwa.

Zdravka si mtoto mbaya. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki humkunjia uso bure. Alikuja mchana ule ule, akampeleka mama yake hospitali, akamkalisha kwake ghorofa ya sita mpaka mguu ukatolewa plasta, akamwogesha na kumlisha mtindi kwa kijiko ingawa kilichovunjika ni mguu si mkono. Na akamwambia alichokuwa anakiogopa tangu baba yake Valko alipofariki.

"Mama, hurudi tena kule peke yako. Asingekuwepo Babu Grozdan ungeganda palepale kisimani. Ningekuja kukuzika."

Bi Kerana alijua kwamba ghorofa ya sita itamuua polepole.

"Nedyalka, kule ukisimama dirishani unaona vichwa vya watu tu, kama shamba la kabichi," alinisimulia. "Mtoto anatoka asubuhi, anarudi giza limeingia. Mchana kutwa nazungumza na friji. Na lenyewe linanguruma tu, halijibu la maana."

Mwisho wa Februari Zdravka alimrudisha kijijini ili afungashe vitu na kuaga. Tarehe mosi Machi ikawakuta hapa, na siku hiyo kila mtu kwetu hufungwa mkononi uzi wa Machi, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, ili Bibi Machi, yule kizee mwenye hasira za kupanda na kushuka, akupitie akicheka. Zdravka akamfunga mama yake, mama akamfunga binti. Uzi huo haukatwi ovyo. Unauvua siku utakapoona korongo wa kwanza, au mbayuwayu, au mti wa kwanza uliochanua, unaufunga kwenye tawi na kuomba unaloliomba. Ukiukata kabla ya hapo, mwaka wako wote umeutia mkosi mwenyewe. Hata wale waliosoma mpaka wakachoka hawaukati.

Bi Kerana akautazama ule uzi, akasema, "Sawa, mwanangu. Nitahama."

Zdravka hakuamini masikio yake.

"Lakini nimefungiwa hapa, nitauvulia hapa. Siku nitakapouvua, njoo na gari, utanikuta nimekaa juu ya sanduku."

"Ahadi ni deni, Mama."

"Nimewahi kukuvunjia ahadi?"

Hajawahi. Zdravka akamkumbatia akilia, akarudi mjini kazini akijua ni suala la wiki mbili tatu, maana mlozi wa mama yake ndio unaotangulia kuchanua kijiji kizima. Valko aliupanda mwaka Zdravka alipozaliwa, kando ya ukuta wa jikoni unaopata jua la kusini. Jambo ambalo binti alilisahau ni kwamba mtu asiyevunja ahadi, akibanwa, lazima atafute tundu jingine.

Mimi nilianza kushuku siku ya tatu, nilipomwona anakwenda dukani na mkongojo wake, ameinama vile.

"Bi Kerana, shingo inauma?"

"Shingo ni nzima."

"Basi mbona unatembea kama unatafuta sindano?"

Akasimama, akatazama huku na huku kwa usawa wa magoti. "Uzi unavuliwa ukiona, sivyo? Korongo, mbayuwayu, mti. Vyote hivyo viko juu. Mimi mguu wangu mbovu, lazima niangalie ninapokanyaga. Nisipoona, nimevunja ahadi?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la vitunguu la muuza duka. Kisha nikamtazama usoni na kicheko kikaniishia, maana yeye alikuwa hachezi.

Nyumbani nako akajipanga. Dirisha la jikoni linatazama mlozi, akalitundikia blanketi. Bustanini hakutoka ila kutafuta maua ya chini, hayo hayahesabiki kwenye uzi. Asubuhi moja nilimchungulia akiwa ameunyoosha ule mguu mgonjwa pembeni, anaondoa majani makavu kwa vidole viwili, taratibu, kama mama anayefunua blanketi kuona kama mtoto bado amelala. Akapata, akatabasamu peke yake. Nampenda Bi Kerana, sina haja ya kuzunguka, lakini saa ile nilimpenda mpaka nikakasirika, na nisijue nimkasirikie nani.

Zdravka akaanza kunipigia mimi.

"Shangazi Nedyalka, niambie kweli. Mlozi wa Mama umechanua?"

"Bado, mwanangu. Mwaka huu baridi imekaa."

"Mbona huku mjini miti imeshaanza?"

"Mjini mna joto la magari."

"Shangazi."

"Naam."

"Huniongopei?"

"Nikuongopee nipate nini? Bado."

Na wakati huo ilikuwa kweli, baridi ilikaa kijijini kama mgeni asiyejua kuaga. Nilipomuuliza Grozdan, akaniambia kapigiwa naye, naye kajibu bado. Muuza duka kapigiwa, kajibu bado. Hatukukaa kikao, kila mtu alijikuta anasema hivyo.

Lakini mlozi hauna siri. Katikati ya mwezi vichipukizi vikavimba, vikawa vyekundu nchani. Bi Kerana hakuviona, alivisikia. Alikuwa anaanua nguo, akasikia nyuki mmoja akivuma juu ya kichwa chake, akajua. Akaja kwangu uzio wa huku akiwa amekunja shuka chini ya kwapa, zile shuka nzito za kitani alizokuja nazo sandukuni alipoolewa.

"Nedyalka, mwite yule mvivu na ngazi yake. Baridi ya usiku itauchoma mlozi, nataka kuufunika."

Kufunika mti wakati wa baridi kila mtu kwetu anafanya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema neno. Grozdan akapanda ngazi, mimi nikawa nampa pembe za shuka, na mwenye mti akasimama ameupa mgongo, anatoa amri kwa mkongojo.

"Kaza upande wa barabarani!"

"Kerana, huu ni mlozi au ni bibi harusi?"

"Funga, acha maneno."

"Sawa, lakini hapa juu vichipukizi vime..."

"Nyamaza! Usiniambie!" Akatupa mkongojo, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, na karibu aanguke tena.

Watu waliopita walipata la kusema kwa wiki nzima. Muuza duka alisimama barabarani akauliza, "Bi Kerana, mti wako umekufa nini? Naona umevishwa sanda."

"Umekufa kwa macho ya watu kama wewe. Pita!"

Hapo ndipo tulipokosea sote watatu. Tulikuwa na haraka ya kuuficha, hatukukumbuka kwamba ukuta ule unakusanya jua mchana kutwa, na kitani kile kizito kinaliweka joto usiku. Siku chache baadaye niliinua pembe ya shuka nikachungulia. Miti yote ya kijiji ilikuwa bado mikavu kama fagio, na ule ndani ya shuka umechanua wote, tawi kwa tawi, mweupe na waridi, nyuki wamejaa mpaka mti unavuma. Tulitaka kuuficha, tumeuatamia kama kuku.

Niliishusha ile pembe nikaenda kukaa jikoni kwangu nimeshika tama. Simu ikalia, nami nilijua ni nani.

"Shangazi, umechanua?"

"Umefunikwa shuka, mwanangu. Mimi sioni kitu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Jumamosi asubuhi gari la Zdravka likasimama langoni. Hakubisha hodi wala hakuingia ndani, alizunguka moja kwa moja mpaka nyuma ya jikoni. Nilipofika, alikuwa amesimama mbele ya mti. Bi Kerana ametoka na aproni, mikono imejaa unga, macho chini.

"Mama, hii ni nini?"

"Baridi."

"Baridi gani? Mimi nimevua koti!"

"Bibi Machi haaminiki, mwanangu. Saa hii anacheka, saa ijayo..."

Nyuki wakatoka chini ya shuka, wakaingia wengine. Zdravka akashika pembe, akavuta. Shuka ikateleza yote ikaanguka chini, na mlozi ukabaki wazi. Sijui niseme nini. Nimeuona ukichanua tangu niolewe, lakini baada ya wiki zile zote za ukavu ulitutoa pumzi. Sote tulikodoa macho isipokuwa mwenyewe. Bi Kerana alikuwa ameyafumba yake, ameyakaza mpaka uso mzima umekunjamana.

"Fungua macho, Mama."

"Yanauma."

"Mama!"

"Vumbi limeingia."

"Mwenye macho haambiwi tazama!" ikasikika sauti, na kichwa cha Grozdan kikajitokeza juu ya uzio. Mzee yule hawezi kuacha utani hata nyumba ikiungua.

"Na wewe Babu Grozdan!" Zdravka akamgeukia. "Wewe ndiye uliyepanda ngazi, eti? Na Shangazi naye haoni kitu! Mnanicheka wote?" Kisha ule ukali ukakatika katikati, akaanza kulia kama alivyokuwa analia utotoni, kwa kukwama kwama. "Mnafikiri namhamisha kwa raha? Kila simu ikilia nashtuka. Naamka usiku namwona amelala pale kisimani. Siku ile ilikuwa bahati tu, Babu alisikia akipiga kelele. Siku nyingine asiposikia?"

"Nani alipiga kelele?" Bi Kerana akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Wewe, Mama. Ulipoanguka."

"Mimi? Nipige kelele mtaa mzima unisikie nimeanguka? Sikutoa hata mguno."

Sote tukamtazama Grozdan. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni kweli hakupiga kelele," akasema. "Kerana apige kelele!"

"Si uliniambia unalisha kuku?" nikamdaka.

"Kuku walikuwepo."

"Babu, ulijuaje?" Zdravka akauliza.

"Nilikuwa juu ya ndoo."

"Ndoo gani?"

"Hii niliyoisimamia." Tukasikia akiigonga kwa kisigino. "Nachungulia. Kila asubuhi, kabla ya kahawa. Naangalia kama amepata ua mbele yangu. Nikiona amepata, nakimbilia langu nalipulizia pumzi labda lifunguke."

"Mwizi!" Bi Kerana akapiga kelele kuelekea upande ambao hakuwepo mtu. "Miaka yote nashangaa anajuaje!"

"Tangu lini?" Zdravka akamuuliza. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka lakini sauti ilikuwa imebadilika.

"Tangu baba yako atutoke. Zamani nilikuwa sithubutu, Valko angenitwanga."

"Na maua yakishapita?"

"Yakipita hayo kuna tulipu. Kisha nyanya ya kwanza kuiva. Kisha nani amemaliza kuchuma zabibu. Baridi ikiingia nachungulia bomba la moshi, nani kawasha jiko kwanza." Akajikuna sikio. "Huwa ni yeye."

"Na asubuhi usipomwona?"

"Nikimaliza kahawa sijamwona, naja."

"Unaruka uzio? Na umri huo?"

"Niruke nina wazimu? Nimelegeza mbao mbili nyuma ya banda la kuku."

"Mbao zangu!" akasema Bi Kerana.

Zdravka hakucheka. Aliutazama uzio, halafu kisima, halafu mama yake. Nafikiri alikuwa anaiona ghorofa ya sita, mlango umefungwa asubuhi, na mama yake na friji mpaka giza, na hakuna mtu juu ya ndoo. Petali moja ikadondoka ikatua juu ya pua ya Bi Kerana. Hakuipangusa.

"Zdravka," akasema taratibu. "Ahadi ni ahadi. Mimi nimechezacheza, lakini sitakuvunja moyo. Ukiniambia sasa nifungue macho, nafungua. Na nikifungua, napanda gari, na hutasikia nalalamika. Sema tu."

Hata Grozdan alifunga mdomo, na hilo halijatokea tena.

Zdravka akainama, akaokota shuka. Akaikung'uta. Akatafuta pembe.

"Ufungue macho uone nini?" akasema. "Mlozi bado. Baridi imekaa mwaka huu. Shangazi, shika hapa tuufunike, usije ukaungua."

Bi Kerana alisimama vilevile mpaka aliposikia tumefunga fundo la mwisho. Ndipo akafumbua macho, akaitazama ardhi, akapangusa pua na unga, akasema banitsa, andazi lake la jibini, iko tanurini na itaungua tukiendelea kusimama kama nguzo. Tulikula wote wanne, na Grozdan alipita kwenye mbao zake mbili mchana kweupe.

Ule uzi alikaa nao. Alisindika nao nyanya, alichuma nao zabibu, ukawa rangi ya vumbi. Korongo walirudi wakajenga palepale juu ya nguzo ya umeme mbele ya duka, wakatoa vifaranga, wakapiga midomo yao kama watu wanaotwanga, na Bi Kerana akapita chini yao akiniuliza, "Nedyalka, ni nani huyu anafuga bata mzinga juu ya nguzo?" Zdravka huja Jumamosi, naye akifika huuliza kwanza, "Mlozi vipi?" Mama hujibu, "Bado." Mlozi wenyewe ulizaa lozi ndoo nzima.

Ningekomea hapo, lakini kuna la mwaka huu.

Mwanzoni mwa Februari Bi Kerana alitoka asubuhi, sasa anatembea na mkongojo wenye msumari wa barafu. Akapiga magoti chini ya mwaridi. Kokiche alikuwepo, amefunguka kabisa, wala hapakuwa na ubishi wa ncha. Akageuka kuelekea uzio, tayari na maneno yake. Juu ya ndoo hapakuwa na mtu.

Akarudi ndani akachemsha kahawa yake, akainywa yote. Akatoka tena. Hapakuwa na mtu. Akaniita kwa sauti, yeye asiyepiga kelele za kuomba msaada, nami nilipofika nilimwona mgongo tu, anajipenyeza kwenye zile mbao mbili. Tulimkuta Grozdan kitandani, homa imempanda, kifua kinakoroma, hajawasha jiko. Wakati tunasubiri gari la wagonjwa alifumbua jicho moja.

"Kerana. Umepata?"

Bi Kerana alikuwa ana tope bichi magotini.

"Bado," akamwambia. "Hakuna kilichochanua. Pona kwanza."

Alilazwa mpaka Machi ikakaribia. Siku aliporudi alikuwa amekonda, suruali inamzunguka, lakini alikwenda bustanini kabla ya kuvua koti. Tukasikia kelele za ushindi mpaka barabarani. Kokiche! Kwake! Wa kwanza! Akaja kwenye uzio kuchungulia uso wa mshindwa, akatafuta cha kupandia.

"Kerana, ndoo yangu iko wapi?"

"Nimeiazima. Iko kazini."

Ilikuwa bustanini kwake chini ya mwaridi, imepinduliwa, imewekewa jiwe juu. Nami nilijua imefunika nini. Bi Kerana alijifuta mikono kwenye aproni, akausogelea uzio, akasimama wima. Kichwa alikiinua, macho ameyatoa moja kwa moja kwa yule mzee.

"Bustani yako ni bora kuliko yangu," akasema, kwa sauti, majirani wote tukasikia.